Magugu ya Mama Wakesho

Siku ya kuagwa kwangu kituoni, vijana wa maabara walinipa saa ya ukutani, kisha wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Saa nimeitundika, nayo imesimama tangu Jumanne. Maandishi ndiyo haya. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini na lini, kwanza kwa sababu haikutokea mara nyingi. Nitawaeleza jinsi nilivyonusurika kupigwa kalamu kwa sababu ya adabu njema, yangu na ya watu wengine.

Nilianza kazi pale kituo cha malisho, nje kidogo ya mji wa Voi, Uhuru ukiwa bado mchanga. Siku ya kwanza nilidhani nitavaa koti jeupe. Nilipewa kengele ya baiskeli, bila baiskeli, nikaambiwa nizunguke mashambani nikifukuza sungura waliokuwa wakila mimea ya majaribio. Wiki ya kwanza sungura walikimbia. Wiki ya pili walisimama kunitazama. Ya tatu, nikipiga kengele walikuja, maana walishajua kwamba palipo na kengele pana kunde. Niliyaandika haya yote katika kidaftari changu cha shule, siku, saa na idadi ya sungura, na kidaftari hicho ndicho kilichonitoa shambani.

Aliyekiona ni Bwana Nyambu, fundi wa maabara, Mtaita wa milimani aliyevaa suruali ya mkunjo mkali hata siku ambazo jua la Voi lilitaka kutuyeyusha. Alisoma kurasa mbili, akaniuliza, "Mwadime, mbona Alhamisi hukuandika kitu?" Nikamwambia Alhamisi niliugua. Akasema, "Basi andika uliugua." Kesho yake nikahamia maabara.

Bwana Nyambu alinilea kazini kwa miaka mingi. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia jasho likidondoka. Alinifundisha kukausha mbegu kivulini na kuzitia katika bahasha za kaki, na jina la mahali liandikwe hapo hapo mahali, si jioni ukiwa umeketi na chai. La mwisho alilirudia hadi likanichosha: "Ulichokichuma kwa mkono wako, andika umechuma. Ulichopewa, andika umepewa. Usichanganye." Nilimwitikia ndiyo mara zote, kama mtu anavyoitikia mahubiri anayoyajua.

Kazi yetu ilikuwa kunde mwitu, mmea mdogo unaotambaa, ambao ng'ombe huupenda kuliko majani yoyote. Nyasi zikikauka zinabaki kamba tupu. Kunde hizi huongeza maziwa hata kiangazi kikiwa kikali. Shida ni kwamba ukipanda aina moja kila mahali, ugonjwa mmoja ukija unaondoka na zote. Kwa hiyo ilibidi tujue kama kunde mwitu za Taita ni za aina nyingi au ni moja tu iliyotapakaa. Kwa macho huwezi kujua. Jani ni lile lile, ua ni lile lile, na mbegu ni ndogo nyeusi, zote zinafanana.

Hapo ndipo ilipokuja mashine. Nasema mashine, lakini ilikuwa trei ya plastiki, nyaya mbili na kisanduku cha umeme kilichonguruma. Ulichukua wanga wa viazi, ukaupika na maji ya dawa hadi ukawa uji mzito, ukaumimina kwenye trei ugande. Ulisaga kijani cha mche mchanga, ukalovya kipande cha karatasi kwenye maji yake, ukakichomeka ndani ya ule uji ulioganda. Ukiwasha umeme, vimeng'enya vya mmea huanza kutembea ndani ya uji, vingine mbio, vingine polepole, kulingana na mmea ulivyorithi kwa wazazi wake. Baada ya saa kadhaa unaukata uji kwa uzi uliokazwa, unaumwagia rangi, na mistari inajitokeza. Mimea ya ukoo mmoja huonyesha mistari iliyolingana. Mimea ya koo tofauti, mistari hupishana. Hizo ndizo alama za kurithi mnazozitumia hadi leo, ila nyinyi uji wenu hauungui.

Wetu uliungua sana. Bwana Nyambu alikuwa mjane aliyejipikia miaka mingi, na hakukubali mtu mwingine ashike mwiko. Halafu joto. Uji ulitakiwa kukaa baridi umeme ukipita, nasi tulikuwa Voi. Barafu tuliipata kwenye hoteli moja mjini iliyokuwa na friza ya samaki, kwa hiyo matokeo yetu yote ya kisayansi ya miaka ile yalinuka samaki changu.

Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Daktari Muriuki, kijana kutoka bara, msomi kwelikweli, aliyefika Voi na masweta matatu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Ndiye aliyenituma nikakusanye mbegu Kasigau, Kishushe na Werugha, bahasha arobaini. Dereva wangu alikuwa Kimeu, Mkamba mcheshi aliyeiongoza ile Landrova kuukuu kwa kuisema, kwa sababu usukani haukumsikia sana.

Tulikwenda mwisho wa kiangazi, jambo ambalo lilikuwa kosa la kwanza. Maganda ya kunde mwitu yalikuwa yameshapasuka na mbegu kutawanyika. Kasigau, ndovu walikuwa wamepita shambani siku mbili kabla yetu na watu hawakuwa na hamu ya kuzungumzia majani. Kishushe tulikwama mtoni mahali pasipo na maji. Basi nikaanza kuomba mbegu majumbani. Na kila nyumba nilipewa, tena kwa mikono miwili. Watu waliingia ndani, wakatoka na mbegu zimefungwa vizuri kwenye kitambaa, safi, zimepepetwa, hazina hata mdudu.

Kule Werugha, kwenye ukungu ambao Kimeu aliuwashia taa saa nne asubuhi, nilikaribishwa na Mama Wakesho. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mwimbaji wa kanisa, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na matuta yaliyopangwa kama ngazi. Alinipa chai, viazi, na konzi mbili za mbegu ndani ya kopo lililooshwa. Nikafurahi. Ningepaswa kushtuka, kwa sababu tangu lini mbegu ya mwituni ikapepetwa? Lakini nilishiba, na mtu aliyeshiba haulizi maswali. Kwenye bahasha zote arobaini niliandika: imechumwa.

Tulizipanda kwenye vikopo, miche ikaota, Bwana Nyambu akapika. Tulipomwaga rangi, mistari ilitoka safi kuliko siku zote. Na yote ilikuwa sawa. Kasigau, Kishushe, Werugha, mche wa kwanza hadi wa mwisho, mstari kwa mstari, kama darasa zima limenakili mtihani kwa mtoto mmoja.

Bwana Nyambu alilaumu wanga. Akapika upya. Sawa. Akalaumu barafu, akasema changu wameingia ndani. Tukatafuta barafu nyingine. Sawa. Mara ya nne alichuma jani kwenye shamba letu wenyewe, kutoka kwa ile mbegu bora ambayo maafisa wa mifugo walikuwa wamewagawia wakulima wilaya nzima miaka michache nyuma, akaliweka pembeni mwa hizo zangu. Mistari yake ilikuwa ile ile.

Daktari Muriuki aliitazama ile trei kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Bwana Mwadime," alisema, mbele ya kila mtu, hata mfagiaji alikuwa mlangoni, "bahasha zako zote arobaini zimetoka gunia moja. Gunia la stoo yetu."

"Daktari, nilizunguka siku kumi na mbili."

"Ulizunguka. Sijakataa. Mbegu ndizo hazikuzunguka."

"Muulize Kimeu."

"Dereva ni shahidi wa petroli," akasema. "Nitaandikia makao makuu mwisho wa mwezi. Kama una maelezo, nipe kabla."

Nilitoka nje nikasimama penye vikopo. Sikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na jina moja tu. Mjini Voi habari hupita haraka kuliko gari moshi. Kabla ya chakula cha mchana mwenye hoteli alishamwuliza Kimeu kama ni kweli Mwadime alijaza bahasha akiwa amelala nyumbani.

Bwana Nyambu alinifuata, akapangusa miwani yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Ulizichuma wewe?"

"Nilipewa."

"Na ukaandika?"

"Nimechuma."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alivaa miwani yake, akasema, "Watu wa serikali waliwapa mbegu nzuri. Mtu wa serikali akaja kuomba mbegu. Ulitaka wakupe takataka? Walikurudishia iliyo bora waliyonayo. Sasa rudi ukachume." Akaenda kumwomba Daktari Landrova na wiki mbili, akapewa Landrova na siku tisa.

Mvua ilikuwa imeshanyesha na kunde mwitu zilikuwa zikitambaa kila mahali. Kasigau mzee mmoja aliniruhusu kuchuma kando ya ua, mradi nisiseme shamba ni la nani. Kishushe hapakuwa na mtu wa kuona haya. Nilichuma machakani, mbuzi wakinishindania. Mtihani ulikuwa Werugha.

"Mama, zile mbegu ulizonipa zilikuwa nzuri mno," nilianza.

"Asante, mwanangu. Umekuja nikuongeze?"

"Hapana, mama. Nimekuja... nataka ile mbaya."

Akaweka chini kikombe. "Mbaya gani?"

"Ile inayojiotea yenyewe. Ya mwitu."

"Mwadime," alisema polepole, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Maana mimi nilikupa ile nilikuwa nimeweka ya kupanda. Nikatoa kwa moyo. Sasa unarudi kuniambia kwangu kuna magugu. Nani amekwambia kwangu kuna magugu? Ni mke wa katekista?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Ni kazi ya serikali."

"Serikali imekutuma kutoka Voi, na gari, uje uhesabu magugu yangu?"

Kimeu, ambaye angeweza kunisaidia, alikuwa ametoka nje kucheka nyuma ya Landrova. Nilikaa pale nikijua kwamba nikisema neno moja zaidi nitafukuzwa, na nikiondoka bila mbegu nitafukuzwa vilevile, ila na mtu mwingine. Ndipo nikaona jembe limeegemezwa ukutani.

"Mama," nikasema, "nisamehe, nimeongea vibaya. Wewe ulinilisha mara ile na sikukulipa fadhila. Niruhusu nikupalilie lile tuta la chini."

Uso wake ukafunguka. Kupaliliwa ni heshima, hata kama kunasema yale yale. Nikashuka na jembe, nikapalilia tuta zima, nikakunja mgongo ambao ulikuwa umesahau kazi hiyo. Kila gugu nililong'oa nililichungulia chini ya majani. Watu waliokuwa wakipita juu kwenye njia walisimama. Mmoja akaita, "Mama Wakesho, siku hizi umeajiri serikali?" Naye akajibu kwa sauti ya kwaya, "Wamekuja wenyewe!" Kimeu aliposhiba kucheka nilimpa tuta la pili.

Jioni nilikuwa na maganda matatu makavu mfukoni, na ndani yake mbegu kumi na moja. Nikaandika palepale tutani, kwa penseli: imechumwa, mbegu kumi na moja, Werugha, tuta la chini la Mama Wakesho, baada ya kupalilia.

Bwana Nyambu alipika uji ule kama mtu anayepika wa mgonjwa. Tulipoumwagia rangi, mistari ilipishana. Za Kasigau zilikwenda mbio, za Kishushe zilikuwa na mistari miwili, na ile ya Mama Wakesho ilikuwa na mstari mmoja wa polepole, karibu kabisa na mahali pa kuanzia, ambao hakuna mche mwingine wowote uliokuwa nao. Nilimwona Bwana Nyambu akigeuka kando kupangusa miwani ambayo haikuwa na kitu. Mimi sikujificha, nililia.

Daktari Muriuki hakulia. Alikuwa mwanasayansi mzuri, na mwanasayansi mzuri haamini haraka. "Mara ya kwanza zote sawa," alisema. "Mara ya pili kila moja ni ya ajabu. Hii ya Werugha nataka niione mwenyewe ikiwa imesimama ardhini. Nikiiona, barua siandiki."

Nikashukuru Mungu. Nilijua chini ya majani ya tuta la tatu nilikuwa nimeacha mashina mengine mengi. Kwa bahati mbaya Kimeu alikuwa ametangulia Werugha siku mbili kabla kuchukua kabichi, na kwa furaha yake alimwambia Mama Wakesho kwamba magugu yake yamepita kwenye mashine Voi na hayana mfano wilaya nzima.

Tulifika saa tano. Daktari alivaa sweta, kwa mara ya kwanza likimfaa tangu aje. Matuta yote ya Mama Wakesho, la juu hadi la chini, yalikuwa meupe. Hapakuwa na jani moja ambalo halikupandwa na mtu. Pembeni palikuwa na jivu, bado la moto, na akina mama sita wa kanisa wameketi wakinywa chai ya shukrani.

"Karibu, Daktari," alisema Mama Wakesho, amejifunga kitambaa kipya.

"Asante, mama. Nimekuja kuona kunde mwitu zako. Huyu Bwana Mwadime anasema alizichuma hapa."

Mama Wakesho alinitazama mara moja, kwa masikitiko ya mzazi aliyeaibishwa mbele ya wageni.

"Hapa?" akasema. "Hapa hapajawahi kuwa na magugu."

Wale akina mama sita wakatikisa vichwa. Hapajawahi. Tangu enzi za mababu, hapajawahi. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa imesimama pale, kwenye tuta lililofagiwa. Daktari alinigeukia. Ningemwitaje mama yule mwongo katika shamba lake, mbele ya kwaya yake?

Tulipoaga, Mama Wakesho aliingia ndani, akatoka na kopo lililooshwa. "Daktari, nimesikia unapenda mbegu. Hizi si nyingi, lakini zimetoka moyoni."

Daktari Muriuki alipokea kwa mikono miwili. Alisema asante mara tatu. Hata aliinama kidogo.

Tuliteremka kilomita kadhaa. Kisha Daktari akafungua kopo, akamimina mbegu kiganjani. Nyeusi, safi, zimepepetwa, hazina mdudu. Alizitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ni barabara.

"Bwana Mwadime," alisema alipoweza kusema, "hii ni mbegu yetu."

"Ndiyo, Daktari."

"Na nimesema asante."

"Mara tatu, Daktari."

Alicheka hadi akavua sweta. Asubuhi iliyofuata aliwaita wote, hata mfagiaji, akasema kwa sauti ile ile ya siku aliyonishtaki kwamba Bwana Mwadime hakudanganya, kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba anaomba radhi. Nimeona wakubwa wengi tangu hapo. Aliyeomba radhi mbele ya mfagiaji ni yeye peke yake. Kisha akatukumbusha kwamba mbegu zilizobaki za mstari ule wa polepole, duniani kote tunakojua, zilikuwa ndani ya bahasha yangu, na kwamba sungura wasizisikie.

Tulizipanda, tukazilinda, zikazaa. Misimu miwili baadaye tulikuwa na kilo nzima. Daktari akaamuru sehemu irudi ilikotoka. Nikaipeleka Werugha mwenyewe, katika pakiti mpya yenye muhuri wa kituo, nikamkabidhi Mama Wakesho kwa mikono miwili, nikimwambia ni zawadi ya serikali. Sikuongeza neno.

Mwaka uliofuata nilipita tena. Alikuwa amezipanda tuta la juu kabisa, kando ya njia, mahali ambapo mke wa katekista hawezi kupita bila kuziona, na amezungushia ua wa miti. Ng'ombe wake walikuwa wakizila kwa zamu. Alinishika mkono akanipeleka hadi pale, akainua jani moja kwa kidole.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Hii sasa ndiyo mbegu. Siyo kama ile takataka uliyokuja kuning'olea."

"Kweli, mama," nikasema, naye akaingia ndani kunitafutia kopo.